Mwewe Amebeba Rangi Gani?

Jumanne. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya kahawa, manyunyu hayaishi, na moyo wangu unadunda kama wa mwizi.

Leo nimempiga picha mwewe mara moja tu, kwa utulivu, mkono haukutikisika. Mkoa mzima wa Songwe hakuna mwenye jicho kama langu.

Uongo. Picha nyingi ni matawi. Moja ni kidole changu. Nilitetemeka mpaka kofia ikaanguka.

Ila moja imekubali.

Iko hivi. Juu ya mgrevilea wetu, mti wa kivuli katikati ya kahawa, mwewe ana kiota, na kinda yumo ndani. Jirani yangu Mama Tumaini anapoteza vifaranga, na jana aliapa kumtegea huyo mwewe utumbo wenye sumu ya panya. Nikamsihi mpaka nikakosa haya. Tukapatana nipige picha mwewe akirudi na windo. Maana Mama Tumaini vifaranga wake huwapaka pinki, na mke wangu huwapaka wa kwake zambarau, ile dawa ya vidonda, wasije wakagombaniwa. Ikionekana pinki, sumu inapanda mtini. Isipoonekana, inamwagwa chooni.

Shule niliiacha darasa la nne, lakini manyoya nayajua. Jua kali huyaharibu, pichani yanatoka meupe tu kama unga. Kwenye ukungu ndiyo yanajieleza, kila unyoya na mistari yake. Basi asubuhi nikajichimbia chini ya mti wa kahawa na kamera yangu kuukuu, niliyouziwa Tunduma na Mzambia aliyekuwa akiniita shikulu, yaani babu, huku akinipunja.

Nyuma yangu alisimama Mama Tumaini na sahani yake ya sumu.

Siafu mmoja akaingia kwenye suruali. Sikuthubutu kujikuna. Nikamwomba Mungu huyo mdudu atosheke na goti.

"Mzee, umefia humo?"

"Nyamaza, mama. Ukikohoa tu nakupiga picha wewe, na hiyo sura uliyoikunja."

"Nipige. Ikifika saa sita natundika utumbo wangu."

Ndipo akaja. Hakulia. Kivuli tu, halafu mabawa yakafunguka juu ya kiota, na kitu kinaning'inia kwenye kucha. Nikabana pumzi, nikafyatua, nikafyatua, nikafyatua tena.

Tukainamia kioo cha kamera, vichwa vikagongana. Nikakuza picha. Unyoya wa bawa ukajaa kioo chote, nyuzi zake zimepangana kama meno ya chanuo, na tone la mvua limekaa pale juu halitaki kuanguka. Kwa muda nikasahau kilichonileta.

Nikashuka kwenye kucha. Manyoya laini ya kifaranga, yamelowa.

Zambarau.

Mama Tumaini alicheka, nami nikacheka naye, mpaka nikaogopa ile sahani itatumwagikia miguuni. "Mzee! Kumbe mwizi unamtetea, na anakula kwako!" Lakini ni mwanamke wa neno lake. Sumu akaenda kuimwaga chooni. Alipokuwa akiondoka ndipo akaniuliza, "Na bibi ukimwambia atasemaje?"

Hapo nikaacha kucheka.

Mke wangu hana habari na sumu. Ana shoka. Alishasema siku mwewe akimgusa kifaranga wake hata mmoja, mti unalala chini, na kiota, na kinda, na kila kilichomo. Na kila jioni akiwafungia, huwahesabu.

Blogu hii hasomi. Anasema mdomo wangu unamtosha.

Lakini wewe Mama Tumaini unasoma, tena hukosi, unatafuta nimekusema wapi. Nilikuazima tetea wangu akaatamia mayai yako, ukaniambia, "Mzee, nitakukumbuka." Basi nikumbuke leo, kabla giza halijaingia. Kifaranga mmoja tu, yule ambaye hujampaka rangi bado.

Zambarau ninayo.