Maua ya Plastiki na Vikapu vya Mama

Nkwenda, Kyerwa,
21 Julai 2024.

Mpendwa kaka Gideon,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na watoto je, shule wanaendelea? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila vumbi la kiangazi limetukausha makoo, na magoti ya mama bado yanamsumbua.

Boksi lako la maua ya plastiki kutoka Kariakoo lilifika salama. Ahsante. Nimeshashukuru, sasa nisikilize, maana nisipoyasema haya yataniozea rohoni.

Unajua tulikuwa na harambee ya bweni la wasichana pale sekondari. Mimi na Mwalimu Jenifa tulipewa kazi ya mapambo, tukakubaliana katikati ya kila meza kikae kikapu kidogo cha mama chenye akamwani, ili mgeni akiketi tu apate kahawa ya kutafuna, kama anavyopokelewa katika nyumba yoyote ya huku. Mama alifurahi, we! Alisuka kwa kupapasa, kwa macho yale yale unayoyajua. Kahawa aliichemsha na kuianika mwenyewe.

Ndipo boksi lako likaja. Jenifa kulifungua tu, vigelegele! Eti sasa tutafanana na watu wa mjini, kahawa ya kutafuna ni ya wazee. Nilibisha mpaka nikaambiwa nina wivu na kaka yangu. Loo! Mimi?

Nikadhani angalau vikapu vitarudishwa nyumbani. Wapi!

Siku yenyewe mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alipoketi akanyoosha mkono katikati ya meza, akagusa ua. Akaniuliza kikapu chake kiko wapi. Kilikuwa chini ya meza, watu wanatupia mifupa ya kuku.

Mara mshereheshaji akatangaza kuwa maua yale yametolewa na Gideon, mtoto wa hapa hapa. Ukumbi mzima makofi. Mama naye akapiga makofi, kaka. Hapo ndipo nilipolia.

Sikulaumu kwa kutoa. Nakulaumu kwa kutouliza. Kuuliza si ujinga, na simu unayo.

Mama aliokota kikapu kimoja, akakiosha kwa majivu, akakianika juani. Amekijaza kahawa iliyobaki, anasema ni yako ukija Krismasi. Nikamwambia, "Mama, mtoto wa nyumbani anaingia jikoni anajichotea. Hii ya kikapuni ni ya wageni."

Akanijibu, "Najua."

Wasalimie wifi na watoto. Mjomba Ambrose na Restuta wa Kihanga wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na akukumbushe njia ya kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Evangelina.