Farasi Aliyekufa

Jumanne, 4 Machi

Mjomba, shikamoo,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango wa karakana. Neno lolote lililomo humu likitoka nje, kazi yangu imekwisha, na pengine nitashtakiwa. Usimsomee mtu. Sipigi simu kwa sababu laini ninayotumia ni ya ofisi. Atakayekuletea ni fundi cherehani wa ghorofa ya chini, na hajui kilichomo.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Jana walijadili maombi ya wananchi kuhusu barabara mpya, na mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Walikuwepo Mkuu wa ofisi yetu ya barabara, ambaye katika Kiswahili anajua "asante" tu, na Naibu wake, ambaye ni mwenzetu kabisa lakini hucheka kwa Kiingereza. Katikati yao sahani ya biskuti. Walioomba kivuko cha wanafunzi, Mkuu akasema ni "long shot", yaani mtu anayelenga shabaha iliyo mbali mno. Walioomba mtaro, "wild goose chase", kumkimbiza bata bukini wa porini. Halafu likaja ombi letu, la familia zinazotaka ofisi ihamishe makaburi kabla greda halijafika. Mkuu akafuta makombo mdomoni akasema, "Dead horse." Ndiyo hivyo, Mjomba. Farasi aliyekufa, na sisi tunamchapa viboko. Naibu alicheka mpaka chai ikampitia puani.

Mojawapo ni kaburi la mama yangu, na niliandika mkono wangu ukiwa umetulia, maana nimeshazoea. Nilipotoka nilikwenda kunawa, kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Kikao cha kuwasikiliza ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mje msije, ni mamoja.

Mpwa wako


Ijumaa, 7 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Mgongo upo, unanisalimia kila ninapoinama. Barua nimeipata, na mlango nilifunga. Lakini nilipofika kwenye farasi nilisimama nikaipiga teke ndoo ya maji.

Dada yangu farasi? Mama yako, aliyekubeba mgongoni akienda kufundisha watoto wa watu, leo anaitwa farasi na watu wanaokula biskuti? Na anayemchapa viboko ni nani? Nani amekwenda na fimbo kaburini kwake? Nitajie huyo mtu. Mimi nachomelea vyuma, mtu wa tai hanitishi.

Nimemwambia mkunga mstaafu peke yake, kwa sababu mume wake amelala mstari uleule na mama yako. Sikukutaja. Nilisema "mtu wangu wa ndani". Amenuna tangu jana, na yule mama akinuna ujue kuna jambo.

Mjomba wako, mwenye hasira


Jumatatu, 10 Machi

Mjomba, shikamoo,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima. "Mtu wangu wa ndani"! Una mpwa mmoja tu, na mtaa mzima unajua anafanya kazi wapi.

Kosa ni langu, nilitafsiri neno kwa neno. Hakuna farasi. Hakuna aliyechapwa. Ni namna yao ya kusema kwamba kazi hii ni ya bure, haitafanikiwa. Wana misemo mingi ya aina hiyo, wanaibadilisha kama soksi, na yote maana yake ni hapana. Hapana yenyewe ndiyo hawaitamki.

Sasa nisikilize vizuri. Unajua Naibu ananiagiza niandike nini kwenye majibu ya Kiswahili? "Ombi lenu linashughulikiwa." Yule farasi anaingia mezani kwangu ananuka, anatoka amevaa suti. Na kanuni inasema, ombi likiwa linashughulikiwa, familia hairuhusiwi kugusa kaburi. Likikataliwa, kila familia ina haki ya kuhamisha watu wake yenyewe, mpaka siku greda litakapoingia, yaani Alhamisi ya tarehe 20.

Umeona? Hawataki kukataa. Wakikataa, mtachimba, na watu wakionekana wanachimba makaburi kupisha barabara yao, picha zitapigwa. Kwa hiyo watashughulikia mpaka greda lipite, kisha watasikitika kwa maandishi. Na masikitiko hayo nitayachapa mimi, yakiwa na nembo juu.

Nakusihi usije Ijumaa. Ukinitazama tu, uso wangu utasema kila kitu.

Mpwa wako anayeogopa


Jumatano, 12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na kwanza kula, hata kidogo. Sitakuja. Umeniomba, basi.

Lakini mkunga atakuja, na mdomo wake hauna breki. Nimemweleza kwamba farasi si farasi, nikamweleza na hilo neno lenu la suti. Akasema, "Nimezalisha wanawake maisha yangu yote. Sijawahi kumwambia mama kwamba mtoto wake anashughulikiwa wakati ameshakufa." Ijumaa atauliza swali moja tu: ndiyo au hapana.

Mama yako, wewe ulikuwa mdogo, hakuwa na "tutaona". Akisema hapana ni hapana, unajua uende ukatafute kwingine. Simlaumu mtu. Nakumbuka tu.

Mjomba wako


Ijumaa, 14 Machi

Mjomba, shikamoo,

Habari za mgongo nitazisikia kwako mwenyewe. Bila shaka mkunga ameshakufikia na nusu ya habari, nami nakupa nusu nyingine.

Alisimama akiwa na mkoba wake kifuani. "Bwana Mkuu, hatukuja kunywa chai. Ndiyo au hapana?" Naibu akawahi kujibu kwamba suala hili ni pana. "Sijakuuliza upana wake, baba," akamwambia. Watu wakacheka. Mkuu akanigeukia, akatabasamu, akaniambia kwa Kiingereza niwaeleze kwamba ni "long shot", lakini tunalifanyia kazi. Naibu akaninong'oneza, "Linashughulikiwa. Sema linashughulikiwa."

Nilisimama. Nisikudanganye, Mjomba, neno lililokuwa limeshafika ulimini ni lile la Naibu. Kisha nikaona anachovya biskuti kwenye chai, hanitazami hata, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika na mimi. Nikasema, "Mkuu anasema hapana. Ombi limekataliwa."

Mkunga akaubana mkoba kwapani. "Asante, binti. Hilo tu tulilitaka. Haya jamani, tukachukue majembe." Wakainuka wote. Naibu akawakimbilia kwenye ngazi akipiga kelele kwamba karani amekosea, karani ni mgeni. "Mgeni wa nini, wa Kiswahili?" nilimsikia mkunga akimjibu.

Mkuu alibaki ameduwaa kwa furaha. Hajawahi kuona wananchi wakitoka kikaoni wakishukuru. Akaniambia nimetafsiri vizuri sana. Nikamsogezea muhtasari, wa Kiswahili kama kawaida, wenye mstari mmoja kuhusu makaburi: ombi limekataliwa. Akatia sahihi bila kuuliza kitu. Akasema, "Asante."

Nakala imo kwenye bahasha hii. Askari akija kuwazuia, mwonyesheni. Naibu aliporudi anahema, sikungoja amalize alichotaka kuniita. Kitambulisho changu nilikiacha juu ya biskuti zao.

Bado naogopa, usidhani nimegeuka shujaa. Atanitafuta. Kwa hiyo usiniandikie ofisini, wala usiipigie ile laini, nimeiacha mezani. Chumbani kwangu usije, mwenye nyumba huongea na kila mtu. Fundi cherehani naye, baada ya bahasha hii, tumwache, ametusaidia vya kutosha. Kesho kukipambazuka, pita nyuma ya kiwanda cha matofali, uingie makaburini kwa pale ukuta ulipobomoka. Mstari wa tatu. Utakayemkuta ameshaanza kuchimba ndiye mimi. Njoo na mtaimbo, ardhi ya pale ni ngumu.

Mtoto wa dada yako