Kwaya Ilikuja

Matuu, Jumapili, 14 Machi 1999

Kaka Kithome,

Natumaini mvua imefika Ndithini. Huku mahindi yameanza kuota na watoto hawajambo.

Nimepata kanisa. Jumapili tatu nilikaa nyuma, karibu na mlango. Ya nne, tarehe 28 Februari, nilimwambia mzee wa kanisa kwamba ningependa kutumika, ila sina barua ya kuhama kutoka kanisa letu. Akacheka.

"Mama, sufuria haiulizi barua. Karibu jikoni."

Jana tulipika matangani. Marehemu alijitoa uhai, kama mume wangu Mulwa. Nilikuwa na hakika mchungaji hatakuja. Alikuja, na kwaya ikaimba mpaka kaburi likajaa. Niliacha sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, motoni nikalia, akina mama wakadhani marehemu ni ndugu yangu.

Kaka, siku ya kumzika Mulwa ni wewe, ukiwa mzee wa kanisa letu, uliyesimama mlangoni ukasema kanisa halitamwombea. Tulimzika kimya, watu sita. Nilikubali, kwa sababu niliamini Mungu ndiye aliyekataza. Sasa nashindwa kukulaumu peke yako. Hata mimi mkewe sikumwimbia.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Syombua