Madawati ya Mgeni Rasmi

Tarehe 6 Februari

Kwa mwanangu wa pekee,

Salamu nyingi, na kama barua hii inakukuta umeinama kwenye moshi wa jiko la kambi, inuka kwanza unyooshe mgongo ndipo usome. Huku mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri wangu hata nisipoliuliza. Mwanao Chiriku mzima pia, na jina tulilompa analitendea haki: anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Wewe je, hali yako? Hiyo barabara yenu imefika wapi? Dereva wa lori la kokoto anayetubebea barua anasema kila akija anaikuta kambi mbele zaidi ya alipoiacha, na huko simu hazishiki kabisa.

Sasa keti, maana nina hasira na sitaki ikukute umesimama.

Chiriku alikuja nyumbani sketi imechanika nyuma. Nikatia kiraka. Haukupita muda kiraka nacho kikaisha. Nikamuuliza, "Wewe huko unasoma au unateleza mlimani?" Akasema wanakaa chini kwenye saruji, darasa zima, wanaandikia mapajani. Nikajua mtoto ana maneno mengi, mengine ya kuongezea. Nikaenda mwenyewe.

Mwanangu, ni kweli. Wamekaa sakafuni kama mizigo ya stendi. Na kinachonichoma si umaskini, huo tumezaliwa nao. Madawati yapo. Mapya. Yaliletwa muhula uliopita, yako stoo, yamevikwa nailoni, mlango una kufuli. Nikamuuliza mwalimu mkuu yanangoja nini. Akanijibu bila haya kwamba yanamngoja mgeni rasmi aje ayazindue. Mgeni gani? Bado hajapatikana. Atakuja lini? Akipatikana. "Mama, subira huvuta heri," ananiambia mimi, ninayempigia pasi suti zake kwa mkaa wangu.

Aliyeamua hivyo ni mwenyekiti wa bodi ya shule, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi namwita Bwana Utepe, kwa sababu utepe wa kukata keshaununua, mwekundu, nimeuona ofisini umekunjwa vizuri kuliko nguo za watoto. Sasa kwenye bodi kuna kiti kimoja cha wazazi kiko wazi, na uchaguzi ni mwezi ujao. Wagombea wanasimama uwanjani, wazazi wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, mgombea haruhusiwi kugeuka kuwaangalia, na mwenye mstari mrefu ndiye mshindi. Nikasema pale pale, nagombea. Wakacheka. Bwana Utepe akasema, "Bibi si mzazi. Kiti ni cha wazazi." Nilipombana sana akasema labda mzazi mwenyewe aandike barua kwamba mtoto kamwachia bibi yake na yeye hamlei tena.

Basi niandikie hiyo barua, mama. Ni karatasi tu. Mpe dereva.

Chiriku anasema mkipata mawe mazuri huko barabarani umletee moja.

Ni mimi mama yako,
dobi wa watu wasio na shukrani

*

Tarehe 15 Februari

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata pamoja na sabuni uliyonifungia, ahsante. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia umebabuka kidogo kwa mvuke wa sufuria. Barabara imefika kwenye daraja. Hawa wanaume wa lami wanakula kama watu walioambiwa kesho hakuna.

Mama, hiyo barua siandiki.

Umesema ni karatasi tu. Hebu soma tena ulichoniomba. Niandike kwa mkono wangu, nitie na sahihi, kwamba simlei mwanangu. Mimi ninayeamka kabla ya jogoo nimenye vitunguu gunia zima, macho yananitoka machozi mpaka wenzangu jikoni wameacha kuuliza kama nalia au ni kazi. Sketi hiyo unayoitia viraka ilitoka wapi? Viatu je, na madaftari? Mnapolala mmeshiba, mlezi ni nani? Halafu niwape wale watu karatasi waiweke kwenye faili, siku moja mwanangu akue aisome.

Maneno ya mtaani unayajua. Nilipoondoka walisema nimemtupa mtoto. Jirani yetu wa mlango wa bluu aliniambia huku ananisaidia kubeba begi, "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Nikameza, nikapanda gari. Leo mama yangu mwenyewe ananiambia nikubali kwa maandishi. Umenikata maini. Huyo Utepe wako kaniudhi, lakini yeye ni mtu baki. Wewe umeniudhi kwa ndani.

Kama ndiyo bei ya dawati, mwache akae chini. Nitamtumia mkeka.

Mwanao,
ambaye naye ana mwanawe

*

Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mkono, usiufunge kwa nguo yenye mafuta ya jikoni.

Nimekuelewa. Mimi niliona madawati tu, wewe sikukuona. Nilikosea, na wala sitazunguka mbuyu katika hilo. Usiandike.

Lakini mkeka usitume. Siku nitakayomtandikia mkeka darasani nitakuwa nimekubaliana nao.

Mwalimu mkuu amemtuma mlinzi aje kuchukua suti zake kabla hazijaguswa na pasi. Nikampa. Kwenye mkutano wa wazazi nikamwona kavaa koti utadhani limetolewa kinywani mwa ng'ombe. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Ila walimu wengine nao wamefuata, na sasa kamba yangu ya nguo iko tupu, wanatua ndege.

Hayo ni madogo. Juzi Chiriku na wenzake walichungulia dirisha la stoo, akaja mbio: "Bibi, madawati yana barabara kama ya mama." Nikaenda kuchungulia na mimi. Mchwa. Vijia vya udongo vimepanda kwenye miguu ya madawati vikaingia ndani ya nailoni. Ile stoo haina saruji, mwanangu, chini ni udongo mtupu. Watoto wamekaa kwenye saruji, mbao zimekaa kwenye udongo, na watu wazima wenye akili zao wameketi ofisini wanamtafuta mgeni. Mchwa hawakumngoja. Wameshazindua.

Nilipomwambia Bwana Utepe, akanikataza kuchungulia mali ya shule.

Uchaguzi ni tarehe 20 Machi. Nitakwenda hata bila karatasi. Wakinifukuza nitasimama getini, geti si la baba yake.

Mama yako

*

Tarehe 8 Machi

Mama, shikamoo mara mbili: moja ya kila siku, na moja ya kuomba radhi kwa ukali wangu.

Mkono umepona. Barua ya mchwa niliisoma huku nakoroga maharage yakaungua chini. Wanaume wameyala hivyo hivyo na moshi wake, na kwa jinsi nilivyokuwa nimenuna hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nimewaandikia hao watu. Ila siyo walichokiagiza. Nimeandika hivi, na wewe ujue mapema usije ukashtuka:

"Kwa Bodi ya Shule. Mimi ni mzazi wa mtoto huyu na ni mlezi wake. Mama yangu naye ni mlezi wake. Mimi namlisha kwa mbali, yeye anamlisha kwa karibu. Mtoto huyu ana walezi wawili, dawati hana hata moja. Namtuma mama yangu agombee kwa niaba yangu. Mkitaka kujua ni nani asiyemlea, mtafuteni aliyeshika ufunguo wa stoo."

Msimamizi wetu wa kambi aliisoma akasema wataikataa. Nikamwambia sikumpa aionje, nilimpa anisahihishie nukta.

Jiwe la Chiriku liko kwenye kitambaa. Lina mstari mweupe katikati, nimelichagua mwenyewe.

Mwanao

*

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba zote mbili zimefika. Sisi wazima.

Juzi nilivaa lile gauni la kijani, nimelipiga pasi mpaka lilitaka kusimama lenyewe. Uwanja ulijaa. Mgombea mwingine alikuwa shemeji yake Bwana Utepe, unategemea nini. Nikampa Bwana Utepe barua yako mkononi. Hakuipitia kwanza. Alijua ni ile aliyoiagiza, akaona leo kanipata. Akachukua kipaza sauti: "Wazazi, sikilizeni mama wa mtoto alivyokiri mwenyewe." Akaanza kusoma kwa sauti ya mahubiri.

Alisoma vizuri, siwezi kumsingizia. Alipofika "na ni mlezi wake" akapunguza mwendo. Alipofika "dawati hana hata moja" akaanza kukunja karatasi. Muuza mboga mmoja akasema, "Malizia, baba." Wengine wakadakia, malizia, malizia. Basi akamalizia. Ile ya ufunguo aliisoma kwa kunong'ona, lakini kipaza sauti hakijui kutunza siri.

Watu walicheka, naye mori ukampanda. Akasema barua haikufuata utaratibu, jina langu limefutwa. Kisha akaongeza: "Mtoto huyu hana mzazi. Angekuwa naye angekuja kusimama hapa mwenyewe, si kutuma vikongwe." Chiriku alikuwa kashika gauni langu.

Nikamchukua mkono, nikaenda kusimama getini kama nilivyoapa. Nikawapa mgongo maana sikutaka wauone uso wangu. Nikasikia nyayo. Sikugeuka, mgombea hageuki. Chiriku ndiye aliyekuwa macho yangu: "Bibi, muuza mboga kaja. Bibi, babu wa yule mwenye kigugumizi. Shangazi wa mapacha. Bibi, na kaka wa nani yule, anayemletaga mdogo wake na baiskeli." Walikuja mabibi, mashangazi, wajomba, wote wanaolea watoto ambao wazazi wao wako kwenye barabara zao huko. Bwana Utepe alidhani ananitukana mimi peke yangu. Hata jirani wa mlango wa bluu alikuja, akaninong'oneza mgongoni nimsamehe lile neno lake. Nikamwambia neno hilo hakuniambia mimi, akuombe wewe.

Mstari wetu ulipinda mpaka choo cha walimu. Wa shemeji ulikuwa na mlinzi, mwalimu mkuu, na lile koti. Wakaona aibu hata kuuhesabu. Wakatangaza uchaguzi umeahirishwa mpaka tarehe 10 Aprili, na kwamba safari hiyo atagombea mzazi mwenyewe tu, wa kutumwa hatakiwi.

Mstari haukuvunjika. Ulijikuta umeelekea stoo. Seremala mmoja akafungua bawaba za mlango. Kufuli hatukuligusa, lilibaki limejifunga vizuri kwenye mlango uliolala chini, wasije wakasema tumevunja. Madawati mengine ukiyashika yanamwagika kama unga. Yaliyopona tuliyafuta na kuyaingiza darasani. Chiriku kaweka jiwe lako juu ya lake ili watu wajue lina mwenyewe.

Kwa hiyo kiti hawakunipa, lakini sketi zimepumzika. Ningependa barua hii iishie hapo.

Jana asubuhi nilipokuwa namfunga vifungo alikuwa kimya, na wewe unajua Chiriku kukaa kimya maana yake nini. Halafu akaniuliza, "Bibi, mama ni mzazi?" Nikamwambia ndiyo, tena mzazi hasa. Akasema, "Sasa mbona yule baba kasema sina?" Nilimjibu, nikamjibu tena, na niliona halimwingii.

Sikuambii uje. Kazi yako naijua na unga tunaokula naujua unakotoka. Nimeona tu nisikufiche.

Mama yako

*

Tarehe 29 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Naandika mbio, dereva keshawasha gari.

Nimerudisha mwiko. Msimamizi amesema nikiondoka kabla lami haijafika mwisho, kazi haitanisubiri. Nikamwambia mimi na vitu vya kusubiri tumeachana. Tutakula nini tutajua tukiwa pamoja. Kamba yako ya nguo iko tupu na mimi nina mikono miwili.

Kaandikishe jina langu kwenye kile kiti leo hii. Gauni la kijani lipige pasi, nitalivaa mimi. Wewe utasimama wa kwanza nyuma yangu, na Chiriku atanitajia nani kaja, maana sitageuka.

Yeye mwambie lile swali lake asimuulize mtu mwingine tena, nakuja kulijibu. Na Bwana Utepe mwambie asihangaike tena na mgeni rasmi. Mzazi anakuja.

Ni mimi,
Mama Chiriku