Vigelegele vya Bure

Voi, Jumamosi, 14 Julai 1956

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sufuria. Nimechoka. Sijui haya nimwandikie nani, basi najiandikia mwenyewe.

Leo mama mkwe ameshuka kwa basi kutoka Chawia, na mkungu wa ndizi na gauni pana alilonishoneshea Mwatate. Majirani wa hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, wakampigia vigelegele hata hajafika mlangoni. Wote wameliona tumbo langu. Akaliwekea mkono, akacheka kwa furaha. "Hii sasa imeshika, mwanangu."

Haijashika. Hakuna mimba.

Jumatano daktari alinipima kwa mikono, nesi akinitafsiria. Kizazi changu kimevimba. Anadhani ile ngozi laini ya ndani, inayotakiwa kutoka na damu ya kila mwezi, imeota hadi ndani ya ukuta wenyewe, na inavujia humo humo. Ndicho chanzo cha maumivu haya, na damu inayoloanisha godoro. Huenda ndiyo sababu nachelewa kushika mimba, na zile mbili nilizopata zikaharibika. Alisema wapo wanawake wa namna yangu wanaozaa, ingawa wengine huzaa kabla ya wakati. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema dawa ya kuyamaliza maumivu ni kukitoa kizazi, na hakika ataipata akishakitoa, akakipasua na kukitazama.

Yaani niujue ugonjwa wangu siku ambayo sitaweza kuzaa tena!

Mume wangu, Mwakio, yuko kazini huko Maktau, wanatengeneza reli. Kabla ya kuondoka alisema uamuzi ni wangu, akavaa kofia, akaenda zake. Wema wa namna hiyo unachosha.

Gauni nimelivaa. Angalau halinibani.

Jioni, tukichambua maharagwe, nilimwambia mama mkwe yote. Akauliza, "Na sasa hivi, inauma?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote huniuliza nitazaa lini. Nililia mpaka nikaishiwa pumzi, naye akaninyang'anya ungo, akaniambia nikajilaze.

Basi nimejilaza, na naandika jambo nisiloweza kulitamka hata kwake. Mtoto namtaka. Lakini leo nautaka zaidi mwezi mmoja tu usio na maumivu.

Jumatano narudi kwa daktari. Nikimwambia akitoe, nitakuwa nimemkataa mwanangu, au nitakuwa nimejihurumia?