Babu wa Miaka Mitatu

Nyumbani kwa Bi. Mwanaharusi,
Kibiti, Rufiji.
9 Agosti, 1954.

Mpendwa binamu Mwinjuma,

Salaam nyingi zikufikie huko Tabora, wewe na shemeji Mashavu na wanangu wote. Je, hamjambo? Kifua chako kimepoa, au moshi wa gari la moshi umekifanya dohani? Na samaki unawapata, au umeshazoea kula mlenda kama watu wa huko, ukajisahau kuwa ulizaliwa na mwiba wa hongwe kooni? Mie mzima wa afya. Mama naye mzima, ila goti lake linamsumbua kila mvua ikikaribia. Ananipa kazi ya kulikanda, akidai mwanafunzi wa udresa asiyekanda goti la mamake kasoma bure.

Afya ninayo, binamu. Moyo ndio umenichacha. Nakuandikia kwa hasira, na ukiona kalamu imetoboa karatasi usidhani ni ushamba wa darasa la nne. Ni hasira.

Kwanza ujue unazungumza na nani siku hizi. Mimi si yule Maneno uliyemwacha akiiba korosho. Nina mwaka na miezi minne katika mafunzo ya udresa, kazi ya kufunga vidonda na kutoa dawa, na mkono wangu wa sindano unasifiwa kuanzia hapa barabarani mpaka visiwani. Wenye buba wakija huuliza kwanza: "Yupo yule kijana wa sindano tamu?" Nikiwa sipo, wengine wanarudi na vidonda vyao. Nachemsha sindano, naosha madonda, nasoma kipimajoto bila kukodoa macho, na bendeji yangu hata mtu akicheza ngoma haifunguki. Na kila Ijumaa kabla ya sala tunakwenda, wanafunzi watatu, kuwafundisha watu kuchimba vyoo. Hiyo kazi hatulipwi hata mhogo. Tunatukanwa tu. Mzee mmoja wa Umwe aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi nimekwenda porini miaka sitini, na pori halijanilalamikia." Nikachimba mwenyewe mpaka aliposhika jembe kwa aibu.

Tunazungushwa, miezi mitatu hapa barabarani, miezi mitatu kwenye vituo vidogo. Zamu yangu ya visiwani ilianza Juni. Kituo chenyewe sikitaji jina, ni chumba cha makuti chenye dirisha moja la kutolea dawa, mwendo wa mtumbwi kutoka Mbwera kwao shemeji yako, yaani kwa mume wa dada yako Johari. Sasa umeanza kutega sikio. Tega.

Najua habari zitakufikia huko, maana mdomo hauhitaji tikiti ya gari. Utaambiwa Maneno kamlisha sumu mtoto wa Johari. Au utaambiwa Johari mwenyewe ndiye aliyemlisha. Nimeona bora unisikie mimi kwanza.

Mkubwa wetu pale alikuwa dresa mmoja aitwaye Bwana Dadi. Mtu wa viatu vyeupe. Yeye hatoki nje kuona mgonjwa. Anakaa ndani na chai yake, mwanafunzi anakaa nje mezani na kitabu, anaandika jina, umri na ugonjwa. Kitabu kinapitishwa ndani, Bwana Dadi anasoma mstari, anamimina, anatoa mkono dirishani. Mkono tu. Wagonjwa wengine hawajui hata sura yake. Nilimwambia siku moja, "Bwana mkubwa, si utazame ulimi wa mtu kabla ya kumpa dawa?" Akanijibu, "Ulimi wako ndio unaohitaji kutazamwa."

Ijumaa moja mwezi uliopita Johari akaja asubuhi na mtoto wake kiunoni, tumbo limemjaa minyoo. Nadhani unakumbuka mtoto alipewa jina la babake mumewe, Mzee Tamimu. Na unajua dada yako alivyo na adabu, jina la mkwe halipiti midomoni mwake hata umtishie kwa panga. Basi tangu mtoto azaliwe anamwita Babu, na sisi sote tukafuata. Babu njoo ule, Babu umejikojolea. Nikamwuliza kwa sauti ya kiofisi, maana foleni ilikuwa ndefu na nilitaka waone, "Jina la mgonjwa?" Akasema, "Babu." Nikasema, "Leo Babu umekuja bila mkongojo?" Foleni nzima ikacheka, na mtoto naye akacheka bila kujua anachekea nini. Nikaandika "Babu". Minyoo. Wenzangu walikuwa wananiita mtumbwini twende kwenye vyoo. Nikasukuma kitabu ndani, nikaondoka mbio.

Tuliporudi, jua liko kichwani, namkuta Johari amekaa gatini chini ya jua, mtoto mapajani. Nikadhani mtoto amelala. Nikamsimamisha, akayumba kama mlevi, akaanguka, macho yakageuka juu. Nikamgeukia Johari.

"Kapewa dawa kiasi gani?"

"Ile ile ya yule mzee wa mbele yangu. Kipimo kile kile."

"Na wewe ukampa chote?"

"Niliona kingi. Nikasema, hawa wamesoma."

Dawa ile ya minyoo ni mafuta makali. Mtoto hupewa matone, na unayahesabu ukiwa umezuia pumzi. Mtu mzima hupewa zaidi, na bado anasikia kizunguzungu. Bwana Dadi alisoma "Babu", akamimina dawa ya babu, akamkabidhi mwanamke mwenye mtoto kiunoni, wala hakuinama kuchungulia! Kama angeinama kidogo tu! Viatu vyeupe havikuwa na tope la kuogopa mle ndani.

Nilipombishia hodi alikuwa amesinzia. Sikumngoja. Nilichukua chumvi ya haluli, nikampa mtoto kwa kijiko mpaka akaharisha, nikampa kahawa kali, nikamkanda miguu, nikamwita, nikampiga vikofi vya mashavu. Johari anashika kichwa, mimi nashika kijiko, kila mmoja anamwambia mwenzake asilie. Alasiri akatapika, akalia, na kile kilio, wallahi, sijapata kusikia kitu kitamu namna ile. Nasema bila haya: mtoto wa dada yako yu hai kwa mkono huu. Jigambe kwa wenzio huko kwamba una binamu.

Sasa subiri hasira yenyewe.

Kesho yake ndugu za mumewe wakajaa kituoni. Mmoja akaanza kumwuliza Johari kama alimpa mtoto mizizi ya nyumbani kabla ya kuja. Bwana Dadi akasikia kupitia dirisha, akapata njia. Akaniita ndani, akaniketisha kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hajapata kulifanya.

"Maneno, mwanangu," mara nimekuwa mwanawe, "Bwana Mganga anakuja Jumatatu kwa boti kutoka Utete. Tuwe na neno moja. Mama kampa mtoto mizizi, akaja hapa mtoto ameshaharibika. Sisi hatukumpa kitu."

"Na kitabu?"

"Kitabu kina kurasa nyingi. Mmoja ukichanika, nani atalia?"

Nikamwambia mie sikumimina dawa, sina cha kuficha. Akacheka. Akafungua kitabu, akaweka kidole. "Soma basi, mwenye mkono wa sindano tamu. Mahali pa umri."

Hili ndilo nililokuficha, binamu, mistari michache iliyopita. Mahali pa umri nilikuwa nimeandika "mzee". Nilifanya mzaha. Foleni ilishanichekea, nikataka na kitabu kinichekee, nikaona Bwana Dadi atasoma atatabasamu, atajua huyu kijana ni mcheshi. Babu, mzee, minyoo. Kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukisifiwa na mwalimu.

"Kalamu yako ndiyo iliyopima," akasema. "Mimi nilimimina tu."

Nakwambia niliutazama ukurasa ule kwa uchu. Kuuchana ni kazi ya pumzi moja. Ningebaki kwenye mafunzo, ningebaki kijana aliyemwokoa mtoto, na Johari ndiye angerudishwa kwenu na talaka, ameitwa mwanamke aliyemtilia sumu mtoto mwenye jina la mkwewe. Yeye mwenyewe nje pale alikuwa akinisifu! Anawaambia mawifi zake, "Isingekuwa Maneno leo tungezika." Kila aliposema nilitaka kumziba mdomo.

Nikakifunga kitabu, nikakitia kwapani, nikatoka. Bwana Dadi akaniita mwizi wa mali ya serikali. Nikamwambia serikali ikikitaka itakikuta kwapani. Siku mbili nimekula nacho, nimesali nimekiweka mbele yangu.

Jumatatu Bwana Mganga, daktari wetu Mzungu, akafika. Nikampa kitabu, nikamwonyesha mstari, nikasema, "Neno hili nimeandika mimi kwa mzaha, na dawa kamimina Bwana Dadi bila kutazama." Kiswahili chake ni cha jikoni lakini hilo alilielewa, uso ukamwiva. Akataka kusikia kwa mama. Johari akasimama, mkwewe Mzee Tamimu yuko nyuma yake na watu wake.

"Mtoto jina nani?"

"Babu."

Bwana Dadi akajitia kutafsiri haraka: mama amechanganyikiwa, anamtaja babu yake, hajui hata mgonjwa alikuwa nani. Bwana Mganga akaanza kukunja karatasi.

Dada yako akavuta kanga kichwani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye boti: "Tamimu. Mwanangu anaitwa Tamimu. Ana miaka mitatu na nusu. Sikumpa mzizi wowote. Nilimpa mlichonipa."

Mawifi wakaziba midomo. Mzee Tamimu akasogea mbele, akasema, "Nimelisikia jina langu, na sina neno. Mwacheni mke wa mwanangu."

Basi hukumu ni hii, na hapa utaelewa kwa nini karatasi imetoboka. Bwana Dadi amehamishiwa kituo kingine, na nasikia kina bati na sakafu ya saruji. Mimi nimerudishwa Kibiti, nimerudishwa mwaka mzima nyuma, nafua bendeji, na sindano nimekatazwa mpaka Mfungo Mosi upite. Na kwa dawa ile, mtoto sikio la kushoto halisikii. Ukimwita upande huo anaendelea na mchezo wake. Bwana Mganga kasema huenda likafunguka, kisha akaangalia saa. Nina hasira na bati lile, nina hasira na saa ile, na nikimaliza kuwakasirikia wote nabaki na neno moja nililoliandika nikicheka.

Siku ile ile nilimwendea Johari nikamweleza la "mzee", maana yeye hajui kusoma. Aliniuliza, "Ulikuwa unacheka wakati unaandika?" Nikasema ndiyo. Akamtwaa mtoto akaingia ndani. Alipokuja hapa Kibiti juzi alimsalimu mama, akala, akaondoka. Mimi hakunisalimu.

Sikuombi uniombee kwake. Wala usinifiche kwa shemeji Mashavu. Ukitaka kunitukana, nitukane, una haki. Ila mtu yeyote akikwambia dada yako alimpa mtoto mizizi, mwambie umeandikiwa barua na aliyekosa.

Mama anakusalimu sana. Babako mdogo Khamisi anakusalimu na anauliza lini utarudi kuezeka. Nisalimie shemeji, na mtoto wenu Siti mbusu masikio yote mawili.

Mungu akulinde katika reli na akurudishie samaki mezani.

Ni mimi nikupendaye, hata ukiamua kunikasirikia,

Maneno bin Sadala.