Misalaba ya Penseli kwenye Kalenda ya Wadi

Mama mpendwa,

Natumaini mko salama na ng'ombe amezaa. Mlima ulio kwenye picha ya kadi hii sijauona hata siku moja; Nyeri ni mvua na ukungu tu. Lakini kinachonitetemesha si baridi.

Shemeji Gachoki yuko hospitali. Alihara siku tatu, na dada, kwa kumpenda, akamfichia maji. Figo zikasimama, hata tone la mkojo halikutoka! Nilidhani ni balaa letu peke yetu. Nesi akanionyesha ukutani. Kila mgonjwa wa namna hiyo humwekea msalaba wa penseli kwenye kalenda. Ile ya mwaka juzi ina misalaba michache. Ya mwaka huu imejaa mpaka tarehe hazisomeki.

"Ati maji inaongeza kuhara!" nesi akafoka. "Nani aliwafundisha hiyo maneno?"

Dada akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.

Leo asubuhi shemeji amekojoa nusu kikombe. Wadi nzima ilipiga makofi, na mimi nikalia mbele ya watu kwa ajili ya mkojo!

Mama, ni wewe uliyetufundisha, nawe ulifundishwa na nyanya. Sikulaumu, nakupenda vilevile. Ila mwanangu niliyekuachia, akianza kuhara kabla sijarudi, usiufiche mtungi nyuma ya mlango kama ulivyotufichia sisi. Mpe maji, Mama. Akimaliza, mpe tena.

Binti yako,
Nyambura